Uchaguzi wa Marekani umeniumiza. Nyie mnawatoaje watu siku ya kura isiyo ya rais?

MgogoWaMbali, 7 Novemba 2014

Mbukwenyi wadau.

Nawaandikia kutoka Kikuyu, mtaa wa hapa Dodoma, kwa mama, na tangu Jumanne sijapata usingizi wa maana. Nijieleze kidogo. Nimezaliwa na kukulia hapa Dodoma, nikaondoka 2001, naishi Silver Spring, jimbo la Maryland, jirani kabisa na Washington. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwageuza kitandani usiku. Mwaka jana niliapa kuwa raia wa kule. Uraia wa hapa nikawa nimeuacha, na safari hii nimeingia kwetu kwa viza. Hilo lina uchungu wake, siku nyingine.

Kule mimi ni wa Democrat, chama cha Obama, wa mrengo wa kushoto hasa, naamini mgonjwa atibiwe hata kama hana kitu. Na kwa kuwa hii ilikuwa kura yangu ya kwanza kule, sikutaka kuishia kupiga kura tu. Kuanzia Agosti, kila Jumamosi niliyokuwa sina zamu, niligonga milango kumpigia debe Anthony Brown aliyegombea ugavana. Alikuwa naibu gavana, baba yake Mjamaika. Angeshinda angekuwa gavana wa kwanza mweusi wa Maryland, na wa tatu tu kuchaguliwa katika historia yote ya Marekani, baada ya yule wa Virginia mwaka 1989 na wa Massachusetts mwaka 2006. Na jimbo lenyewe ni letu. Walioandikishwa Democrat ni mara mbili ya Republican, wapinzani wetu, na Obama alipata asilimia 62 mwaka 2012. Hatukuwa na wasiwasi.

Nilipiga kura Alhamisi 23 Oktoba, siku ya kwanza ya kura za mapema, kwa sababu tarehe 25 nilikuwa na ndege. Mama kavunjika nyonga, anatembea na magongo. Kwa hiyo matokeo yamenikuta hapa jikoni kwake. Vituo vya Maryland vinafungwa wakati hapa ni saa 10 alfajiri. Niliamka kabla ya hapo, nikakaa kwenye kigoda na simu. Kwenye viti vya Seneti, Kentucky ikaondoka mapema. Arkansas ikaondoka. Colorado, North Carolina, Iowa. Saa moja na kitu asubuhi wakatangaza kwamba Seneti nzima imekwenda kwa Republican. Na ugavana wa Maryland yetu: Larry Hogan wa Republican asilimia 51, Brown 47.

Mama akatoka chumbani, akanikuta nimejiinamia. Akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa mama, tumeshindwa uchaguzi. Akasema, "Tumeshindwa, wewe na nani?"

Sikuwa na jibu, na swali lile limenikaa mpaka leo. Maana kinachoniuma si Hogan. Aliyeshinda kashinda. Kinachoniuma ni waliobaki nyumbani. Kuna mtaa mmoja tulioupitia Septemba, nyumba za matofali mekundu zilizobanana, zote kwenye orodha yangu ni za Democrat. Asipofungua mtu, unaning'iniza karatasi ya mgombea kwenye kitasa. Jumamosi iliyofuata nikapita tena pale. Nyumba moja, karatasi yangu ilikuwa bado inaning'inia, imenyeshewa, wino umechuruzika hadi uso wa Brown hauonekani, na gari la mwenye nyumba lipo nje na taa za ndani zinawaka. Mtu ametoka na kuingia mlango ule wiki nzima na hakuiondoa. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Na yupo dada tunayepokezana naye zamu ya usiku, Mwafrika mwenzangu. Miaka mingi alikuwa akinunua dawa za presha kwa fedha ya kukopa, mwezi mwingine anameza nusu nusu zifike mwisho wa mwezi. Mwaka huu kapata bima kwa ile sheria ya Obama ya bima ya afya. Jumanne nikampigia kutoka hapa. Akaniambia, "Hii si ni ya magavana tu, dada? Ya rais nitakwenda." Nchi nzima waliojitokeza ni kama asilimia 36 ya wenye haki ya kupiga kura. Mwaka 2012, kwa rais, walikuwa karibu 58.

Sasa swali langu. Tarehe 14 Desemba hapa mna uchaguzi wa serikali za mitaa. Hauna rais, hauna mbunge. Nyie mnaofanya kazi hii, mnawatoaje watu ndani? Nauliza kwa dhati, kwa sababu Januari narudi na sitaki kuacha.

ChangombeMjini, 7 Novemba

Pole sana dada, na mpe pole mama.

Mimi ni wakala wa chama cha upinzani hapa mjini, nimekaa vituoni tangu 2000. Unaijua Dodoma. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 hatujawahi kumpata mbunge wa Dodoma Mjini hata mara moja. Tarehe 2 mwezi uliopita Bunge Maalum limepitisha Katiba Inayopendekezwa hapahapa, na wetu walikuwa wameshatoka ukumbini tangu Aprili. Kwa hiyo kushindwa tunakujua.

Kura ya mtaa tunaitafuta hivi. Kila mmoja wetu anapewa nyumba kumi, zile anazozijua. Anakwenda mara tatu. Ya kwanza hamtaji mgombea kabisa, anauliza habari. Utasikia maji hayatoki, utasikia kijana kakamatwa na hakuna wa kumwekea dhamana, utasikia mama kahangaika wiki nzima kupata barua ya utambulisho afungue akaunti benki. Vyote hivyo vinapita kwa mwenyekiti wa mtaa. Ya pili unarudi na jambo lilelile alilokwambia yeye, unamwonyesha nani anaandika ile barua na kwamba huyo anachaguliwa Desemba. Ya tatu ni asubuhi ya kura, unampitia, mnakwenda wote. Kama ana mtoto mchanga, mke wako anabaki na mtoto.

Karatasi tunazo, lakini karatasi haijawahi kumsindikiza mtu kituoni.

MwalimuKondoa, 7 Novemba

Dada yangu, nafundisha historia, ngoja nikupunguzie mzigo kidogo. Chama cha rais wa Marekani kupoteza viti katikati ya muhula ni kawaida yao tangu zamani. Clinton mwaka 1994 alipoteza viti 54 vya Baraza la Wawakilishi. Obama mwenyewe mwaka 2010 alipoteza 63. Katika miaka mia hivi iliyopita chama cha rais kimeongeza viti vya baraza hilo mara tatu tu: 1934, 1998 na 2002. Na maseneta waliokuwa wakitetea viti safari hii ni wale walioingia 2008 kwa wimbi la Obama, wengine kwenye majimbo ambayo kwa kawaida si ya Democrat. Wimbi limeondoka, wamebaki mchangani. Usijilaumu kana kwamba ni milango yako.

MgogoWaMbali, 8 Novemba

Asante Mwalimu. Hiyo inaeleza Arkansas. Haielezi Maryland, na Maryland ndiko nilikosimama mimi.

Kaka wa Chang'ombe, ile ya kuuliza kwanza imenichoma. Sisi tulikuwa tunapewa maneno ya kusema mlangoni, dakika mbili, unahamia mlango unaofuata.

MfanyabiasharaKibaigwa, 8 Novemba

Mimi sikubaliani na hili la kuwalaumu waliobaki nyumbani, dada, na nakwambia kwa heshima.

Nimefuatilia matokeo yale. Siku hiyohiyo ya Jumanne, wapiga kura wa Arkansas, Alaska, Nebraska na South Dakota waliulizwa kama kima cha chini cha mshahara kipande. Wakasema ndiyo, majimbo yote manne. Na palepale wakawachagua Republican kwenda Seneti. Kwa hiyo watu walitaka jambo lenu lakini hawakuwaona ninyi ndani yake. Kwa nini? Wagombea wenu walikuwa wanamkimbia Obama. Yule mama aliyegombea Seneti kwa chama chenu kule Kentucky aliulizwa kama alimpigia Obama kura, akakataa kusema. Wahenga walisema mkana kwao ni mtumwa. Mwenye duka akiona haya kutaja bidhaa yake, mimi mnunuzi nitaijuaje?

Na huyo Hogan alikuwa anasema nini? Kodi. Kila siku kodi. Mimi nanunua mahindi hapa soko la kimataifa, najua uzito wa neno hilo. Mkulima akishusha gunia na ushuru ukakatwa, ukimwendea na hotuba ya mambo mengine hakusikii. Atamsikia anayeutaja ushuru, hata kama hataufuta. Ninyi mlisema nini kuhusu kodi?

BintiNkuhungu, 8 Novemba

Shangazi, mimi nina swali dogo. Yule dada wa zamu ya usiku ulimpigia siku ya kura. Kabla ya hapo mlishawahi kuongea habari ya gavana?

MgogoWaMbali, 9 Novemba

Nimekaa na maswali yenu mawili tangu jana jioni.

Kaka wa Kibaigwa, umegusa penyewe. Kule kuna tozo watu waliipa jina la kodi ya mvua. Sheria ya 2012: wilaya kubwa za jimbo zilitakiwa zitoze kwa ukubwa wa paa na sehemu zilizosakafiwa, kwa sababu maji ya mvua yakishapita juu ya lami hubeba uchafu wote hadi Ghuba ya Chesapeake. Hogan aliishikilia hiyo toka mwanzo hadi mwisho. Mlangoni watu waliniuliza, si mmoja. Mzee mmoja alisema, "Mama, hivi kweli mnanitoza mvua?" Mimi mtoto wa Dodoma, niliyekuzwa tukiweka ndoo, sufuria na beseni chini ya bati kila wingu likitanda, ningeweza kumweleza maji ni nini na kwa nini yanalipiwa. Nilikuwa na la kusema kuliko mtu yeyote katika kundi letu. Lakini karatasi niliyopewa ilikuwa na mabaya ya Hogan tu, kuhusu bunduki na utoaji mimba. Nikasoma karatasi. Yule mzee akanisikiliza kwa adabu, akafunga mlango taratibu.

Wala sikusema kwamba Oktoba mosi, wiki chache kabla ya kura, kima cha chini katika wilaya yetu kilipanda hadi dola 8.40 kwa saa, na kwamba kimeshapangwa kufika 11.50 mwaka 2017. Waliopitisha hilo ni madiwani, watu wanaochaguliwa siku hiihii isiyo ya rais. Wahudumu wenzangu wengi wanaishi kwa kima hicho. Nilikuwa nalo mfukoni na sikulitoa.

Binti yangu wa Nkuhungu, jibu ni hapana. Miezi mitatu niligonga milango ya watu nisiowajua, na huyu tunayepeana funguo kila alfajiri sikumwambia neno. Tunaongea habari za mgonjwa: kala nini, kalala saa ngapi, dawa ya jioni katema. Nilidhani anajua. Nilidhani mtu aliyewahi kumeza kidonge nusu anajua bila kuambiwa.

Hata hivyo, kaka, siwaondolei wote lawama. Nyumba ile yenye karatasi iliyolowa bado inanikera, na naomba mniachie hilo.

ChangombeMjini, 9 Novemba

Tunakuachia dada. Mimi pia nina za kwangu.

Njoo Jumamosi tukitembea. Mazungumzo hutayafanya wewe, sheria haikuruhusu kufanya siasa hapa na sisi hatutaki matatizo. Utasikiliza tu. Watu sasa wako mashambani wanaberega, yaani wanasafisha mashamba, wanasubiri mvua, kwa hiyo tunakwenda jioni wanaporudi.

MgogoWaMbali, 14 Desemba 2014, usiku

Wadau, naleta mrejesho, maana niliahidi.

Nilitembea nao jioni tatu. Nyumba ya pili tu tulikaa karibu saa nzima tunasikiliza habari za mtaro uliobomoka, na jina la mgombea halikutajwa hata mara moja. Miguu ilikuwa inaniwasha kutaka kuhamia nyumba inayofuata. Mama mwenye nyumba alipotusindikiza hadi njiani ndipo akauliza mwenyewe, "Kwani mnamsimamisha nani?"

Kule Marekani Louisiana ilirudia uchaguzi tarehe 6 na tumeshindwa huko pia. Republican sasa wana viti 54 vya Seneti. Niliisoma nikiwa nachambua mlenda na mama, nikaendelea kuchambua.

Yule dada wa zamu ya usiku nimempigia mara nne. Mara ya kwanza niliuliza tu habari za dawa zake. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: bima yake inatakiwa kuhuishwa kila mwaka, na barua ya kuhuisha ilimjia akaiweka kabatini kwa kuogopa fomu. Tumeijaza kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, usiku wa kwake na asubuhi yangu. Ya nne tuliongea habari za gavana mpya anayeapishwa Januari, na aliyeanzisha maongezi hayo ni yeye.

Leo asubuhi mama alitaka kwenda kupiga kura. Nilimkataza, nyonga haijapona. Akasema kura ya mtaa hajawahi kuikosa na hataikosa kwa sababu ya mfupa. Tulitembea polepole, magongo yake na kigoda mkononi mwangu, tukipumzika kila baada ya nyumba chache. Kituoni akaingia yeye. Mimi nikabaki nje chini ya mwarobaini, sina jina kwenye orodha ya nchi niliyozaliwa. Jirani mmoja akanipungia mkono kutoka kwenye mstari, "Njoo, nafasi ipo hapa!" Nikamwambia siruhusiwi. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Mama alipotoka nilifungua mkono nimshike turudi. Akaomba kigoda. Akakiweka kivulini, akakaa, akalaza magongo pembeni, akasema haondoki mpaka waanze kuhesabu.