Kuku anataga saa ngapi hasa? Mmoja wangu kila siku anasogeza muda halafu anaruka siku, naombeni ushauri

TeteaWaUani
Habarini wadau, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na kuku wa nyuma ya nyumba. Nina mitetea sita, banda dogo lenye viota viwili, jogoo sina. Niko likizo kwaiyo ndo nimepata nafasi ya kuwafuatilia vizuri, na kinachonichanganya ni muda. Watatu mpaka saa tatu asubuhi wameshamaliza kutaga na kelele zao, wawili wanakuja saa tano hivi, ila huyu wa sita mwekundu simuelewi kabisa, leo anataga saa mbili, kesho saa nne, keshokutwa inafika saa nane mchana nishakata tamaa ndo naliona yai, halafu siku inayofuata hakuna kitu, na mwenyewe mzima wa afya anakula anaparura kama wenzake. Jirani kaniambia huyo mvivu nimchinje kabla hajanimalizia chakula, roho inasita kwa kweli. Jambo la pili, nikiwa kazini huwa nawafungulia mapema kukipambazuka, nikirudi jioni nakuta mayai mengine vichakani na mengine yamepasuka kiotani. Kuna saa maalumu ya kutaga ili nijue nifungue saa ngapi na nikusanye saa ngapi?

MamaVifaranga
Usimchinje huyo kuku tafadhali!! Hana tatizo lolote, hivyo ndivyo kuku anavyotaga.

Iko hivi ndugu yangu. Yai moja kutengenezwa ndani ya kuku linachukua kama masaa 24 mpaka 26, na siku ina masaa 24 tu, ndo maana muda unasogea. Kile kiini cha njano kinaachiwa, kinaingia kwenye mrija, ute mweupe unakizunguka kwa masaa kama matatu, unakuja ule utando mwembamba unaouona ukimenya yai la kuchemsha, hapo ni kama lisaa limoja na kitu, halafu sehemu inayokula muda kweli ni ganda, masaa kama 20 hivi peke yake. Akishataga, kiini kingine kinaachiwa baada ya kama nusu saa na safari inaanza upya. Sasa mwili wa kuku hauachii kiini jioni jioni, kwaiyo akishafika kwenye kutaga saa nane au saa tisa mchana, kile cha kufuata kinasubiri mpaka kesho yake asubuhi, na yai lake unaliona keshokutwa. Hiyo siku katikati ndo unayoona kiota kitupu. Halafu anaanza tena asubuhi na mapema.

Hao wenzake wanaotaga kila siku asubuhi mzunguko wao uko karibu sana na masaa 24, kwaiyo wanakaa muda mrefu kabla hawajaruka, ila na wao watakuja kuruka, utaona. Kwa ujumla mayai mengi yanatoka ndani ya masaa sita hivi tangu kuche, na wanaotaga mayai ya kahawia mara nyingi wanawahi kidogo kuliko wa mayai meupe.

Kichaka_Hakuna
+1 kwa mama hapo juu. Na huyo jirani yako mwenyewe kuku anao au anashauri tu?

FundiBanda
Mi nizungumzie upande wa banda. Mayai ya vichakani yanaisha ukibadilisha muda wa kufungua. Kama mengi yanatoka kabla ya saa tano, basi wafungulie kuanzia saa nne au saa tano, lakini ndani wawe na maji na chakula cha kutosha na hewa, usiwafungie kwenye joto. Viota viwili kwa kuku sita vinatosha, kiota kimoja kinabeba hata kuku wanne watano, na usishangae wote wakagombania kimoja hicho hicho huku kingine kiko wazi, kuku anapenda kutaga pale anapoona yai la mwenzake. Kwaiyo weka yai la bandia kwenye kila kiota, la mbao au hata mpira mdogo mweupe. Na hivyo viota viwe na giza giza na chini kidogo kuliko fito wanazolalia, vikiwa juu watalala humo na kukuchafulia mayai.

Ya kupasuka: tandika maranda au nyasi kavu za kutosha. Siku ukiwa nyumbani chungulia kuku anavyotaga, anaingia, anazunguka, anajitupia nyasi mgongoni, analala, mwishoni anainuka nusu kasimama ndo yai linadondoka likiwa bado na unyevu, unakauka hapo hapo unaangalia. Sasa likidondokea ubao mtupu unategemea nini. Na likishapasuka moja wakaonja, wanaanza kuyadonoa kusudi, hiyo tabia kuitoa ni kazi kweli kweli.

Mzee_wa_Pumba
Mimi hilo la kuwafungia mpaka saa tano silikubali sana, kuku wa nje umzoeshe nje. Fungia wiki moja mbili mpaka wakariri kiota, baada ya hapo rudisha kufungua mapema, wengi watarudi wenyewe ndani kutaga.

FundiBanda
@Mzee_wa_Pumba kwa mtu anayeshinda nyumbani sawa mzee wangu, ila yeye anatoka asubuhi anarudi jioni, kichaka hakina wa kukiangalia.

TeteaWaUani
Asanteni sana jamani, mmenitoa hofu. Mama, sasa nitajuaje kama siku fulani karuka tu kawaida au kaacha kutaga kabisa? Na kuna mtu aliniambia niwawekee taa usiku watage zaidi, ni kweli?

MamaVifaranga
Akiruka siku moja ni kawaida. Ikipita kama siku tano hakuna kitu ndo uangalie. Mshike taratibu jioni akiwa kalala, angalia pale nyuma yai linapotokea, kwa kuku anayetaga panakuwa papana na unyevu, aliyeacha panakuwa pamekauka pamejikunja. Kuna mifupa miwili midogo pembeni yake, kati yake viingie vidole viwili au vitatu, kikiingia kimoja tu huyo hatagi kwa sasa. Na upanga wake mwekundu wa kichwani unapauka na kunywea. Sababu ziko nyingi, anaweza kuwa ananyonyoka manyoya, au anataka kuatamia, au maji yaliisha kutwa nzima. Maji yasikosekane hata siku moja, hiyo peke yake inasimamisha mayai. Na angalia utitiri kwenye nyufa za banda usiku kwa tochi, unamfanya kuku akikimbie kiota.

Taa ni kweli, kuku anahitaji mwanga kama masaa 14 mpaka 16 kwa siku ili atage vizuri, mwanga ukishuka chini ya masaa 12 wengi wanapunguza au wanaacha. Ukiweka, ongeza alfajiri, usiongeze usiku, maana taa ikizimwa ghafla usiku wanabaki chini gizani hawaioni fito. Ukiwasha alfajiri utaona na kutaga kunasogea mapema. Ila mimi binafsi kwa kuku sita nisingeweka, waache wapumzike msimu wao.

Mzee_wa_Pumba
Niongezee hapo kwenye ganda. Ganda kwa sehemu kubwa linatengenezwa usiku kuku akiwa kalala, kwaiyo jioni kabla hawajapanda juu wawekee maganda ya konokono au chaza yaliyopondwa kwenye chombo chake peke yake, usichanganye na chakula, kila mmoja atakula anachohitaji. Mayai ya ganda jepesi ndo hayo yanayopasuka kiotani.

TeteaWaUani
Basi kwa hii likizo nitafungua saa tano na kukusanya mara mbili, saa tano na saa tisa. Nikirudi kazini mdogo wangu anatoka shule saa nane atafungua yeye na kukusanya hapo hapo.

FundiBanda
Safi sana. Akikusanya asiyaoshe kwa maji, yakiwa na uchafu kidogo afute kwa kitambaa kikavu, ule unyevu uliokauka juu ya ganda ndo unaziba vitundu vijidudu visiingie. Na huyo mwekundu umuandikie kwenye daftari kwa wiki mbili tatu saa anazotaga, utaanza kuijua siku yake ya kuruka kabla haijafika.