Tupeane uzoefu: kitu cha bei chee kutoka nje kilichokuletea balaa nyumbani

Babu Nkuhungu
Mbukwenyi wana Dodoma na kanda ya kati yote. Naanzisha hii kwa sababu juzi ekstensheni ya elfu saba niliyonunua upande wa Majengo imeyeyuka ukutani. Mama watoto alikua anapiga pasi sare za shule, harufu ya plastiki ikajaa nyumba nzima, kuja kuangalia soketi nyeusi na plagi imegandana nayo, haitoki mpaka nikazime meinswichi. Boksi limeandikwa 13A 250V na limejaa alama za ubora wa Ulaya. Haikua na hata mwezi. Sasa najiuliza vitu vingapi humu ndani viko hivi hivi na tunalala navyo. Semeni yaliyowakuta, tena semeni na mlitambuaje.

Fundi Kizota
Mzee wangu pole sana. Mimi hizo nazifungua kila wiki. Pasi ya wati 1200 kwa umeme wetu wa 230V inavuta ampea tano na kidogo tu, ekstensheni ya 13A ya kweli ingebeba pasi mbili za hivo bila kupata moto. Ila ukiikata hiyo yako utakuta nyuzi nyembamba kama nywele, nyingine ni aluminiamu imepakwa rangi ya shaba, ukiikwaruza na kisu inatoa weupe. Na nyingi utakuta nyaya mbili tu, ile ya ethi, ya kukukinga usipigwe shoti, haipo kabisa, pini ya tatu imewekwa pambo. Ukienda kununua soma kwenye waya wenyewe sio kwenye boksi, inatakiwa iwe na maandishi 3 x 1.25 au 3 x 1.5, yaani nyaya tatu na unene wa kila moja. Na nenda na sumaku ndogo mfukoni, pini za plagi zinatakiwa ziwe shaba nyeupe, sumaku ikinata ujue ni chuma kilichopakwa rangi, rudisha hapo hapo.

Dada wa Area C
Sumaku nimeipenda, kesho naondoka nayo

Mkazi wa Ng'hong'hona
Mmenikumbusha hita ya kuchovya kwenye ndoo. Wanaoijua baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita na wa saba na ule upepo wananielewa, bila maji ya moto huogi. Hostel nzima tulikua nazo, za elfu nne elfu tano, waya mfupi, hakuna kujizima. Mwenzetu aliingiza mkono kupima kama maji yamepata moto huku hita iko kwenye soketi, alirushwa mpaka akagonga kitanda cha pili, mkono ulikufa ganzi mpaka jioni. Tulipoikagua ile koili ilikua na ufa mwembamba huwezi kuuona mpaka uinamishe kwenye mwanga. Tangu siku ile mimi nachemsha maji kwenye jiko la gesi, liwalo na liwe.

Mjomba Kibaigwa
hita zima kwanza toa plagi ndo uguse maji, hiyo sheria namba moja, ya pili oga baridi wewe ni mwanaume

Mkazi wa Ng'hong'hona
Mimi ni mwanamke mjomba

Mjomba Kibaigwa
samahani mwanangu, basi chemsha

Mama Ipagala
Nimesoma hii nikasema nipite tu kimya lakini nimeshindwa, ngoja niandike hata kama ni ndefu.

Mwanangu wa mwisho alikua hajafikisha miaka miwili. Dada yangu alitoka mjini akamletea kidoli kinachoimba na kuwaka taa, kutoka kwa machinga, elfu tatu. Mtoto alikipenda kuliko chochote, analala nacho. Kile kidoli kina betri za duara bapa zile za kung'aa, kifuniko chake cha nyuma hakina skrubu, ni cha kubana tu. Kilidondoka mara moja kwenye sakafu, kifuniko kikatoka, sisi tukajua kimeharibika kwa sababu kiliacha kuimba, kikawekwa pembeni. Hakuna aliyejua kwamba betri moja haipo.

Jioni mtoto akaanza kutoa mate mengi, anakohoa, uji hataki, akijaribu kumeza analia. Nikajua ni meno au mafua, na vumbi la huku kila mtoto anakohoa. Tukaenda zahanati ya mtaani wakampima koo wakasema ni maambukizi, wakatupa dawa ya kikohozi na ya homa. Usiku ule hakulala. Alfajiri nikaona mate yana damu damu, nikamwamsha baba yake nikamwambia sikubali, tukachukua bajaji mpaka hospitali kubwa. Pale daktari mmoja kijana, Mungu ambariki popote alipo, aliuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, kuna kitu chochote chenye betri nyumbani? Kwenye eksirei ikaonekana duara jeupe kooni. Nesi mmoja akasema amemeza sarafu, yule daktari akasema hapana, angalia pembeni lina mstari wa pili, sarafu haina huo, hii ni betri na inamuunguza muda huu tunaoongea.

Waliitoa kwa ile mipira ya kamera. Betri ilikua imeshageuka nyeusi upande mmoja. Umio lilikua limeungua, akalishwa kwa mpira puani kwa muda mrefu sana, na kidonda kilipopona njia ikawa nyembamba, mpaka leo tunarudi wanampanua. Mtoto yuko hai na anaongea sana siku hizi, lakini akipewa nyama bado anakabwa. Jamani mimi nilikua nadhani betri ikimezwa shida ni sumu ya ndani kuvuja. Kumbe hata ikiwa nzima inaunguza. Nilitaka mjue hilo tu.

Dada wa Area C
Mungu wangu. Nimesimama hapa nimeshika mdomo. Pole mama pole sana

Mchamwino
Pole dada. Ila wazazi wa siku hizi mnawaachia watoto vitu halafu mnalaumu kiwanda. Zamani tulichezea magari ya waya hatukumeza betri.

Mama Mpwapwa
Mchamwino hayo maneno ungeyameza. Umesoma alichoandika? Kifuniko kimetoka chenyewe, mtoto wa miaka miwili kila kitu anaweka mdomoni, ndo maana kitu cha mtoto kinatakiwa kiwe kimefungwa na skrubu. Wewe una watoto?

Mchamwino
Ninao watano na wote wazima

Mama Mpwapwa
Mshukuru Mungu basi, usimpige mwenzio aliyeumia

Mjomba Kibaigwa
mtoto akimeza kitu mpe ndizi mbivu na mlenda, kinateleza chenyewe kinatoka chooni kesho yake, bibi zetu walifanya hivo

Gogo Damu
Au mtapishe kwa maji ya chumvi

Nesi Mstaafu Makole
NAOMBA MNISIKILIZE HAPA. Msimtapishe na msimpe ndizi wala mlenda wala mafuta. Betri ya duara bapa ikikwama kooni inagusa nyama yenye majimaji pande zote mbili, umeme unapita, yale majimaji yanageuka kuwa kitu kikali cha kuunguza kama magadi makali sana. Madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili. Saa mbili tu! Sio za kusubiri chooni. Kubwa kuliko zote kwa hatari ni zile zimeandikwa CR2032, 20 ni upana wake milimita 20, na hiyo ndo inakwama sawasawa kwenye koo la mtoto mdogo. Kitu pekee kinachoruhusiwa ukiwa NJIANI kwenda hospitali ni asali, vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, kama amemeza ndani ya masaa 12 na bado anaweza kumeza. Asali haitoi betri, inapunguza tu kuungua. Kama huna asali usipoteze dakika kuitafuta, nenda. Ukifika sema neno betri kabla hujasema neno lolote, na kama kuna pacha yake ilibaki kwenye kidoli ibebe. Mama Ipagala ulifanya vizuri kukataa kusubiri, nakuombea mwanao.

Mama Ipagala
Asante nesi. Natamani ningesoma hii kabla.

Gogo Damu
Nafuta la maji ya chumvi, asante nesi

Mfanyabiashara Sabasaba
Poleni wote. Mimi naleta mzigo kutoka China miaka mingi sasa na naona mnalaumu Mchina. Niwaambie ukweli, Guangzhou kiwanda kile kile kinatengeneza kidoli chenye skrubu kinachokwenda Ulaya na kile kisicho na skrubu kinachokuja huku. Wanakuuliza, unataka cha shilingi ngapi? Mteja wangu Dodoma akija dukani anataka cha elfu tatu, nikimwonyesha cha elfu kumi na mbili anaondoka. Mnataka nifanyeje?

Fundi Kizota
Usilete cha kuua. Hilo ndo ufanye.

Mfanyabiashara Sabasaba
Nisipoleta mimi ataleta jirani. Halafu mzigo wangu unakaguliwa kulekule kabla ya kupanda meli, huo utaratibu wa TBS, shirika la viwango, unaoitwa PVoC upo tangu 2012, mimi nina cheti. Waulizeni wanaochangia konteneja, watu arobaini mzigo mmoja, kila mtu na boksi zake.

Mwana Kondoa
Hapo umesema. Hizo za kuchangia ndo kichaka chenyewe. Lakini hoja ya mteja wa Dodoma kupenda bei chee siipokei, mteja hajui. Dukani vyote viwili viko kwenye rafu moja vimeandikwa 13A. Angekua anajua cha bei ndogo kinawaka moto, nani angechukua? Mwenye kujua ni wewe uliyeagiza.

Bodaboda Chang'ombe
Kweli kabisa. Mimi brekishuu zilinipasukia nateremka Mlimwa na abiria nyuma, aliyeniuzia anasema orijino kabisa kaka

Dada wa Area C
Na vipodozi je? Hivi TFDA, wale wa chakula na dawa, wako wapi, kuna krimu zinauzwa kwenye meza hazina hata maandishi ya Kiswahili wala Kiingereza. Binamu yangu alipaka uso ukawa mweupe ndani ya wiki, sasa hivi una mabaka meusi na akitoka juani analia.

Mwana Kondoa
TFDA haipo tena dada, tangu 2019 ni TMDA na inashughulika na dawa na vifaa tiba, chakula na vipodozi vilihamia TBS. Na kama feki ya jina la kampuni ya watu peleka FCC, tume ya ushindani.

Mchamwino
Ndo shida yetu, mwananchi akiungua mpaka akajifunze herufi kwanza

Mama Mpwapwa
Leo umesema jambo

Nesi Mstaafu Makole
Krimu inayong'arisha haraka hivo mara nyingi ina zebaki au haidrokwinoni. Zebaki haiishii usoni, inaingia mwilini na inaharibu figo, na mama anayenyonyesha anampitishia mtoto. Binamu yako aache leo na apimwe mkojo, abebe na kopo aonyeshe.

Kijana UDOM
Wazo langu, 2016 mwezi wa sita simu feki zote zilizimwa usiku mmoja. Kwanini wasifanye hivo kwa hizi ekstensheni na chaja?

Fundi Kizota
Simu ina IMEI mdogo wangu, inajitambulisha kwenye mtandao. Ekstensheni utaizimaje? Hiyo dawa yake ni bandarini na dukani. Ila chaja nakuongezea, ukiona powabenki au tochi ina ile betri ndefu ya duara ya 18650 imeandikwa 9900mAh ujue ni uongo mtupu, nzuri kabisa ya saizi ile haivuki kama 4000. Aliyedanganya kwenye namba amedanganya na kwenye usalama, usiilaze kwenye godoro ikichaji.

Dereva Manyoni
Tairi pia jamani. Angalieni ubavuni kuna DOT na mwishoni namba nne, mfano 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016. Wanaosha tairi la mtumba linang'aa kama jipya, unatoka nalo Dodoma kwenda Singida jua la saa nane linapasukia njiani. Niliona Noah imelala kichwa chini kwa hilo, sitaki kuelezea.

Babu Nkuhungu
Nimesoma yote. Ekstensheni nimeirudisha leo pamoja na ile soketi iliyoungua, muuzaji amesema umeme wa kwangu ndo mbovu na risiti hakunipa. Jumatatu naipeleka ofisi ya TBS ya kanda ilivyo.

Mfanyabiashara Sabasaba
Mzee bila risiti utasumbuka. Piga picha boksi, duka, na plagi ilivyoyeyuka. Wakikataa njoo kwangu nikuonyeshe ya 1.5 ikiwa na ethi, na sumaku njoo nayo.

Mwana Kondoa
Na vidoli je, umetoa dukani?

Mfanyabiashara Sabasaba
Nimeviangalia baada ya kusoma ya mama. Visivyo na skrubu nimevitoa kwenye rafu. Naongea na aliyeniagizia.

Mama Ipagala
Usivirudishe kwa mwenzio wa jumla kaka, atavipeleka Kongwa au Bahi. Vitoe betri.

Mama Mpwapwa
Mimi nimezunguka nyumba nzima, rimoti ya taa za sebuleni, mizani ya jikoni na kadi ya sikukuu inayoimba vyote vina hizo betri na havina skrubu. Nimezungushia selotepu, inatosha?

Nesi Mstaafu Makole
Ile nyeusi ya mafundi umeme ni bora kuliko ya karatasi, zungusha zaidi ya mara moja. Kadi toa betri kabisa. Na zile zilizokwisha usitupe droo ya jikoni, betri iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kumuunguza mtoto.