Kikundi cha ukoo: "Mama, mnarudi lini Nairobi?"

JUMATANO

Wakesho: Mama shikamoo. Mmeamkaje huko Taita? Mwakio amekula? Na mnarudi lini, nikate tikiti za treni mapema kabla hazijaisha.

Bibi Mghoi: Marahaba mwanangu. Tumeamka salama. Mwakio amekula kimanga cha jana na chai, sasa yuko mferejini na watoto wa jirani. Tikiti usikate kwanza.

Wakesho: Nisikate mpaka lini Mama?

Saru: Dada nilijua tu. Ulituaga ukasema unaenda kufungua nyumba ipigwe hewa na kutia dawa ya mchwa.

Bibi Mghoi: Nyumba imefunguliwa Saru. Sasa ninaishi ndani yake.

Baba Mwakio: Shikamoo Mama. Huku Donholm mvua imepiga usiku kucha, Outer Ring haisongi, niko kwenye matatu tangu saa kumi na mbili unusu. Huko kukoje?

Bibi Mghoi: Marahaba baba, pole na foleni. Huku pia imenyesha. Niliamka alfajiri nikawasha kuni, nikafungua mlango wa jikoni. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, hata ule mparachichi wa uani sikuuona. Nikavuta kigoda nikaketi na kikombe changu mlangoni. Mwanzo unasikia matone tu yakidondoka kwenye migomba. Kisha jogoo wa jirani. Kisha mtu anakohoa njiani, na humjui ni nani mpaka akupigie hodi. Kufikia saa mbili jua limepenya, ukungu unapanda mlimani vipandevipande, halafu kule chini tambarare ya Tsavo inatokea yote, na mlima Kasigau umesimama peke yake. Saa ninaiangalia kwa ajili ya dawa ya presha tu.

Mwadime: Shikamoo Mama. Nimesomea ujumbe wako hapa staff room nikausoma tena.

Bibi Mghoi: Marahaba mwalimu. Fundisha watoto.

Mwadime: Shule zimefungwa Mama, tuko kwenye kusahihisha mitihani 😊

Saru: Dada mimi nakuuliza kwa uzito. Huchoki? Mimi nikija huko, siku ya tatu naanza kutafuta gari la kwenda Voi.

Bibi Mghoi: Hiyo siku ya tatu ndiyo ngumu, wala hukosei. Siku mbili za kwanza kelele za Nairobi bado ziko masikioni. Unafagia, unasuuza masufuria, unasalimia waliosikia umekuja. Ya tatu kazi zimeisha na mkono unatafuta simu kila mara. Watu wengi huondoka hapo. Ukivuka hiyo, vitu vinaanza kujionyesha vyenyewe. Mimi nilikuwa sijui kwamba chozi amejenga kwenye ule mchungwa karibu na tangi la maji, ndege mdogo hivyo, na kiota kinaning'inia pale pale ninapochotea maji. Nilikuwa nikipita hapo.

Bibi Mghoi: Ninyi huja Jumamosi mkaondoka Jumapili. Mziki uko kwenye gari, mbuzi amechinjwa, uwanja umejaa watu. Hiyo ni sherehe, nami napenda sherehe. Lakini mkiondoka huwa hamjakaa nyumbani.

Baba Mwakio: Mama hapo umenena.

Wakesho: Lakini kazi Mama. Likizo yangu ya mwaka ni chache, na nusu nilishaitumia kwenye harusi ya Machi.

Bibi Mghoi: Najua mwanangu. Nilifanya kazi ya zamu wodini maisha yangu yote, sisemi mtu aache kazi. Nasema zile siku chache mlizo nazo msizijaze.

ALHAMISI

Bibi Mghoi: [Picha]

Bibi Mghoi: Mjomba shikamoo huyu ni Mwakio natumia simu ya Bibi. Tulikuwa tunapalilia kwenye migomba nikampata huyu. Ni nyoka au ni mnyoo? Bibi amesema nimrudishe kwa udongo lakini nimeomba nimpige picha kwanza

Wakesho: MWAKIO usimshike kwa mkono!!

Saru: Mungu wangu.

Mwadime: Marahaba mjomba. Subiri, wote tulieni. Hana sumu ya kukudhuru. Mwakio, mwangalie mwilini, ana mistari kama pete zilizopangwa kutoka kichwani hadi mkiani?

Bibi Mghoi: Anazo. Na ni mweusi wa kubuluu. Macho siyaoni

Mwadime: Basi una bahati kubwa. Si nyoka na si mnyoo. Ni jamaa ya chura. Ana uti wa mgongo kama wewe, ana meno madogo, ila hana miguu, anaishi udongoni na kula minyoo na mchwa. Jina lake la kisayansi ni Boulengerula taitana. Hiyo taitana ndiyo Taita, kwa sababu duniani kote yuko kwenye milima hiyo tu. Binamu yake mwingine anaishi kilima cha Sagalla, hapo ng'ambo ya Voi, na yeye pia hapatikani kwingine.

Bibi Mghoi: Chura bila miguu??

Mwadime: Ndiyo. Na sikiliza hii, niliwafundisha Kidato cha Tatu darasa zima likanyamaza. Mama akishaangua watoto, ngozi yake ya juu hunenepa na kujaa mafuta. Watoto huikwangua kwa vijino vyao na kuila. Hicho ndicho chakula chao cha kwanza. Ngozi inaota tena, wanarudi kula tena. Watafiti walilichapisha jambo hilo mwaka 2006, na wanyama waliochunguzwa walitoka huko huko Taita.

Bibi Mghoi: Mama haumii?

Mwadime: Wanakula tabaka la juu tu, ambalo limekua kwa kazi hiyo. Lakini mama hupungua uzito. Kulea kunamgharimu.

Wakesho: Mwadime umenifanya nilie hapa ofisini na mdudu wa shambani.

Mwadime: Si mdudu dada 😄

Bibi Mghoi: Sasa ni mimi Bibi. Mwakio amemfunika kwa udongo na majani, amekaa hapo anapaangalia. Mwadime mwanangu, haya ya watoto kula ngozi sikuyajua, na nimelima shamba hili tangu nikiwa msichana. Marehemu mama yetu akimfukua alikuwa anamrudishia udongo polepole kisha anahamishia jembe pembeni. Saru unakumbuka?

Saru: Nakumbuka. Mimi nilikuwa nakimbia, na yeye anaendelea kuimba kana kwamba hakuna kitu.

Mwadime: Alimfanyia vizuri. Anapenda udongo laini wenye unyevu na majani yaliyooza. Chini ya migomba isiyopigwa dawa ndiko kwake. Mama endelea kuweka matandazo.

Baba Mwakio: Kijana huyu mwezi uliopita nilikuwa namnyang'anya simu mkononi usiku. Leo ameuliza maswali mengi kuliko muhula mzima.

IJUMAA

Bibi Mghoi: Stima imepotea tangu jioni. Tumekoka moto jikoni, mnavu uko mekoni, Mwakio anasonga ugali. Mawingu yamefunguka kidogo, tumetoka uani. Nimemwonyesha Kilimia, lile kundi la nyota, kiko chini magharibi, kinakaribia kuzama nyuma ya mlima. Na kusini zile nyota za Msalaba. Ameniuliza kwa nini Nairobi nyota zimeisha.

Saru: Nimetoka kwenye roshani hapa Lang'ata kuangalia. Anga ni ya rangi ya machungwa, naona mataa ya barabara na ndege ya abiria.

Mwadime: Mwambie Mwakio kuna methali ya Waswahili: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwaka huu kinazama na masika. Mwezi Mei kitakuwa upande wa jua hatutakiona, na Juni kitatokea mashariki kabla ya mapambazuko, wakati mvua zimekwisha na baridi imeingia. Waliosema hivyo hawakuwa na kalenda ukutani, walikuwa wanatazama juu kila siku.

Bibi Mghoi: Mwakio anasema Juni ataamka akiangalie kutoka Donholm.

Baba Mwakio: Tutapanda juu ya paa. Nitaongea na keteka wa jengo.

Saru: Dada leo nimefanya kitu. Asubuhi niliacha redio, nikatoka na chai yangu roshani nikiwa nakufikiria. Kwarara walipita wakipiga zile kelele zao, nikawaacha wapite bila kuwalaumu. Halafu kwenye mti wa kwa jirani kukawa na ndege mwingine akiita na mwenzake anamjibu, moja kwa moja, mpaka unadhani ni sauti ya mmoja. Miaka yote nimeishi hapa.

Mwadime: Huyo ni tiva, Mama mdogo. Dume na jike wanaimba kwa kupokezana.

Saru: Basi nimewapata majirani.

Bibi Mghoi: Vizuri sana Saru. Keti nao. Sitakudanganya kwamba ni sawa na huku, si sawa, maana huku hakuna mtu anayekupigia honi katikati. Lakini hao ni wako na wanakuja bila nauli.

Baba Mwakio: Na sisi tusio na nyumba ushago? Mimi kwetu ardhi iligawanywa mpaka imebaki nafasi ya kaburi. Jumapili huwa nawapeleka watoto msitu wa Karura.

Bibi Mghoi: Nyumba hii ni yako baba, ulioa hapa. Na Karura ni mahali pa heshima. Mwadime mwambie.

Mwadime: Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwenye lango la Karura Januari 1999, walikwenda kupanda miti wakati msitu ulikuwa unagawiwa watu wajenge. Tunapotembea pale na watoto, tunatembea juu ya kitu ambacho watu walivuja damu kukizuia. Mimi kila nikiingia natembea mpaka kwenye maporomoko, nakaa, sikimbii kutafuta picha.

Mwadime: Na huko kwetu ni vivyo hivyo. Upepo wa Bahari ya Hindi unavuka nyika kavu, unakutana na milima yetu, unapanda, unapoa, unageuka ule ukungu wa Mama wa alfajiri. Miti ya msitu inaudaka kwa majani na kuudondosha chini. Maji ya ule mfereji anaochezea Mwakio yanaanzia hapo. Msitu umebaki vipande tu juu ya vilele.

Bibi Mghoi: Jana tulipanda hadi ukingo wa msitu wa Ngangao na Mwakio, polepole kwa sababu ya goti langu. Tulikaa juu ya gogo. Kukawa na kitu kinapekua majani makavu, tukadhani kuku. Ni yule ndege mkesha wa Taita, kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa. Alikuwa karibu kabisa. Mwakio alinishika mkono akaubana mpaka ndege akaruka zake. Njiani kurudi hakuzungumza, na mimi sikumsemesha. Mwadime, ni kweli huyo naye hayuko kwingine?

Mwadime: Ni kweli Mama. Hayuko popote ila kwenye hiyo misitu ya Taita. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta na wengine hurudi bila kumwona.

Wakesho: Mama nimesoma yote kuanzia Jumatano. Nimeongea na bosi. Nimepata Alhamisi ijayo mpaka Jumatatu.

Bibi Mghoi: Wakesho!

Wakesho: Nilikuwa nimeshaanza kupanga: Ijumaa mlima Vuria, Jumamosi Tsavo, Jumapili kwa akina shangazi wote. Nimefuta. Nitakuja nikae.

Bibi Mghoi: Kwa akina shangazi utaenda, hiyo ni heshima. Mengine yaache yaje. Vuria tukiamka kuna anga safi tutapanda, unaona Kilimanjaro kule. Kukiwa na ukungu tutachambua maharagwe.

Baba Mwakio: Na mimi nimeomba ruhusa. Niazime gari?

Bibi Mghoi: Hapana baba, njooni kwa treni. Ile inayosimama vituo vya njiani, mshuke Voi. Kaeni dirishani, kuanzia Mtito Andei muangalie nje, mkibahatika mtaona ndovu wamejipaka ule udongo mwekundu. Kutoka Voi kuna matatu za Wundanyi. Gari likiwepo uani, kila jioni mtu atataka kwenda mahali.

Mwadime: Mimi nije na ile spika?

Bibi Mghoi: Mwanangu, hiyo iache Kasarani.

Mwadime: Sawa Mama. Nitakuja na darubini ya shule basi, nimeshaiombea.

Saru: Na mimi je, hakuna anayeniuliza?

Bibi Mghoi: Wewe kitanda chako kimetandikwa tangu juzi, kile cha dirisha la mashariki. Uje uivuke siku ya tatu.

Saru: Nakuja Dada. Nikianza kutafuta gari la Voi unifungie mlango.

Wakesho: Nimelipa tikiti nne. Kila mtu abebe kitambulisho, na tuwe Syokimau mapema maana ukaguzi wa mizigo una foleni. Mama tubebe nini?

Bibi Mghoi: Mbegu za karoti na za dania, hapa zimeisha. Betri za tochi. Majani ya chai, yale ninayopenda, Saru anayajua. Dawa yangu ya presha, boksi moja. Sweta kila mtu, usiku ni baridi. Nyama msibebe. Na Mwakio anaomba daftari lisilo na mistari, la kuchorea, na penseli. Tena anasema liwe kubwa.