Mjadala: Wabeba boksi wa Marekani, kadi ya mkopo tuikate kwa mkasi au tuitumie?

Mbeba Boksi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Marekani. Mzee mmoja anasema kadi ya mkopo ni utumwa, kila aliye nayo aikate kwa mkasi, arudi kwenye keshi na kadi ya debiti, ile inayokata pesa yako mwenyewe iliyoko benki, kama tulivyolelewa. Nusu ya watu wamemshangilia, nusu wamemwita mshamba. Mimi naona pande zote mbili zimepita pembeni ya jambo lenyewe, ndiyo maana nimelileta hapa tulichambue.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnishambulie vizuri: kadi ya mkopo haituangushi dukani. Inatuangusha siku tunayotuma pesa nyumbani.

Kwanza nimjibu mzee. Historia yako ya benki ya Dar au Arusha haivuki bahari. Ukishuka hapa wewe ni karatasi nyeupe kwa Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo. Alama za FICO, zinazopima unavyoaminika kulipa deni, zinaanzia 300 mpaka 850. Asilimia 35 ya hesabu yake ni kama unalipa kwa wakati, na asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa ukilinganisha na limiti uliyopewa. Kadi ya debiti haimo humo kabisa. Unaweza kulipa kila kitu kwa debiti miaka kumi bila kudaiwa hata senti, na mwenye nyumba akifungua faili lako akakuta halina kitu. Hapo ndipo unapoambiwa ulete mdhamini au amana ya kodi ya miezi miwili. Bima ya gari nayo, ukiacha majimbo machache kama California na Massachusetts yaliyokataza, hupangwa bei kwa kuangalia krediti.

Halafu kuna wizi. Kadi ya mkopo ikiibiwa, sheria ya serikali kuu inasema hasara yako haizidi dola 50. Ya debiti ina sheria yake ya 1978: ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi ni dola 50, ukichelewa inafika 500, na zikipita siku 60 tangu utumiwe stetimenti (taarifa ya miamala ya akaunti yako) yenye wizi huo, kinachoendelea kuibwa baada ya hapo unaweza usirudishiwe. Na tusisahau kwamba kwenye debiti iliyochotwa ni pesa yako, ya kodi ya nyumba, wakati benki inachunguza taratibu. Hata pampu ya mafuta inaweza kukushikia hadi dola 175 kwa muda, wakati wewe umejaza ya 30. Kwenye debiti hizo zinakuwa zimefungiwa ndani ya akaunti yako.

Sasa tuje kwenye kidonda. Saa nane za usiku simu inaita. Msiba, au mtoto wa dada karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Akaunti ina dola 140, mshahara unaingia Ijumaa. Unafungua programu ya kutuma pesa, inakuuliza: unalipa kwa akaunti ya benki, debiti, au kadi ya mkopo? Unabonyeza kadi ya mkopo, nyumbani wanapokea, wanakushukuru, unalala.

Kilichotokea nyuma yako ni hiki. Benki nyingi zinahesabu muamala ule kama umechukua keshi kwenye kadi. Keshi ya kadi ina ada yake, mara nyingi asilimia 5, na ina riba yake, ambayo aghalabu iko juu ya ile ya manunuzi. Kibaya zaidi, haina siku za neema. Ukinunua unga unapewa angalau siku 21 baada ya stetimenti kutoka, ukilipa zote hudaiwi riba. Ukichukua keshi, riba inaanza siku ileile. Tuma dola 1,000 kwa riba ya asilimia 29: dola 50 zimeondoka hapo hapo, na kila mwezi unaochelewa unaongeza kama 24. Bado hujaweka ada ya kampuni inayotuma.

Wala msikimbilie kwenye keshi. Tangu Januari 1, 2026 ukienda dirishani kutuma pesa nje kwa keshi au hundi ya benki unakatwa kodi ya asilimia 1 ya serikali kuu. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya hapa au kwa debiti iliyotolewa hapa, hukatwi. Kwa hiyo kwa kazi hii moja debiti inazishinda zote mbili.

Karibuni.

Keshi Tupu

Kaka, umeandika vizuri lakini umeanzia mahali pa mtu mwenye nidhamu tayari. Mimi nimo upande wa mzee, na si ushamba.

Watafiti wawili wa MIT, Prelec na Simester, walichapisha mwaka 2001 jaribio la mnada wa tiketi za mpira wa kikapu wa Boston Celtics. Kundi moja liliambiwa litalipa keshi, jingine kwa kadi ya mkopo. Wa kadi walitaja bei ya karibu maradufu. Hao walikuwa wanafunzi wa biashara, watu wa mahesabu! Sasa mimi nikitoka zamu ya usiku nimechoka, nikaingia dukani na kadi, unadhani nitafanya vizuri kuliko wao?

Mshahara ukiingia natoa keshi, nagawa kwenye bahasha: chakula, mafuta, kanisa. Bahasha ya chakula ikiisha, tunakula maharage. Na usiniambie keshi imepitwa na wakati. Massachusetts wana sheria tangu 1978 ya kulazimisha maduka kupokea keshi, Philadelphia wakapitisha yao 2019, jiji la New York likafuata 2020. Wazungu wenyewe wameona kuna watu wanaachwa nje.

Mbeba Boksi

Bahasha sipingani nazo, ndugu yangu, endelea nazo. Ila kodi ya nyumba unaingiza bahasha ngapi? Na siku gari likifa barabarani Ohio, ukataka la kukodi, ukaambiwa bila kadi ya mkopo uache amana kubwa zaidi? Ninachosema ni kwamba bili moja tu, ya simu kwa mfano, ingeweza kupitia kwenye kadi na kujilipa yenyewe, bahasha zako zikabaki palepale.

Keshi Tupu

Bili moja ndiyo huanza. Hakuna aliyeanza na kumi.

Binti Ngamiani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naona mmezungumza riba kama vile ni bei tu ya kitu. Kwa baadhi yetu swali linaishia kwenye mkataba, kabla hata ya kufika kwenye hesabu.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, baraza la wanazuoni wa sheria za dini, ilikaa Riyadh mwaka 2000 ikatoa uamuzi kwamba kadi ya mkopo isiyo na fedha nyuma yake, ikiwa ina sharti la riba, haijuzu kuitoa wala kuitumia, hata kama mtumiaji ana nia ya kulipa ndani ya siku za neema. Wapo wanazuoni wengine wanaoruhusu kwa mwenye hakika ya kulipa kabla, hasa kwa wanaoishi nchi ambazo maisha yamefungwa na kadi hizi. Kila mtu ana shehe wake. Mimi nimeshika kauli ya kwanza.

Nimepanga nyumba kwa kutoa amana kubwa na barua ya mwajiri. Gari nilinunua kuukuu, kwa upatu wetu wa kina mama: zamu yangu ilipofika nilikwenda na pesa kamili mkononi. Ni kweli nimelipa gharama. Lakini kaka Mbeba Boksi, unapomwambia kila mgeni "lazima", mwambie pia kwamba kuna watu wameishi bila hiyo na hawajafa.

Mbeba Boksi

Wa alaykumu salaam dada. Hapo umenifunga mdomo kwenye "lazima". Kinachonisikitisha ni kwamba upatu wenu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuchelewesha mchango, hauonekani popote kwenye kumbukumbu za zile kampuni tatu. Uaminifu wote ule, kwao ni sifuri.

Mkenya wa Minnesota

Niingilie. Watu wanasema kuishi kwa mkopo ni ugonjwa wa Amerika, lakini kwetu Kenya tumeuona bila plastiki yoyote. Fuliza ilianza Januari 2019. Unalipa kitu kwa M-Pesa, salio halitoshi, inakujazia, unakatwa asilimia 1 ya kuingilia halafu kuna ada ya kila siku, ambayo kwa viwango vidogo wamewekea siku tatu za bure. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini inamezwa kwanza. Watu wanafuliza kununua unga. Sasa mtu huyohuyo akija Minnesota akapewa limiti ya dola 3,000 anaona ni Fuliza kubwa yenye adabu.

Acha niwape hesabu ambayo huwa nawafanyia vijana wetu kanisani. Una deni la dola 3,000, riba asilimia 24 kwa mwaka, yaani 2 kwa mwezi. Kiwango cha chini kwenye kadi nyingi ni asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi huo. Mwezi wa kwanza unalipa dola 90: 60 ni riba, 30 ndiyo imepunguza deni. Endelea hivyo mwaka mzima bila kununua hata peremende. Umelipa zaidi ya dola 1,000 na deni limeshuka kwa 340 peke yake.

Kwenye stetimenti kuna kisanduku kinachokuambia utamaliza deni baada ya miaka mingapi ukilipa kiwango cha chini. Kimewekwa kwa sheria ya 2009. Hakuna anayekisoma, kwa sababu sisi wote tunasoma kwenye simu na kisanduku kiko chini huko, unasogeza mpaka kidole kinachoka.

Jambo la pili ambalo wengi hawajui: ukibakiza deni mwezi huu, siku za neema zinapotea. Ule unga unaonunua kesho unaanza riba kesho hiyohiyo.

Pointi Zangu

Nyie mnalialia. Mimi kila kitu napitisha kwenye kadi ya kurudishiwa asilimia 2, nalipa zote kila mwezi, Krismasi iliyopita tiketi ya Dar imetokana na hizo. Benki ndiyo inayonilipa mimi.

Keshi Tupu

Benki haikulipi, mkuu. Mwenye duka hukatwa asilimia kadhaa ukitumia kadi yako, naye anaipandisha kwenye bei ya mkate. Mimi wa keshi nanunua mkate uleule kwa bei ileile na sirudishiwi kitu. Tiketi yako ya Dar nimeichangia.

Mbeba Boksi

Hapa Keshi Tupu yuko sahihi, na ni jambo la sera kuliko la mtu mmoja mmoja. Kwenye debiti, sheria ya 2010 iliziwekea benki kubwa ukomo wa ada wanayomkata mwenye duka, kama senti 21 na chembe ya asilimia kwa muamala, ndiyo maana pointi za debiti zilitoweka. Kadi za mkopo hazikuguswa. Pointi Zangu, furahia tiketi, ila usiwaambie wanaolipa riba kwamba mfumo uko sawa. Riba zao nazo zimo kwenye safari yako.

Mpokeaji, Mbeya

Naomba niseme na mimi niliyeko huku. Hatujui. Tukituma ujumbe wa ada tunadhani mtu anatoa mfukoni. Simu ikilia pesa imeingia, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Kaka yangu yuko huko mwaka wa sita na leo ndiyo nasoma kwamba yawezekana zile za msiba wa baba alizikopa. Kwa nini hamsemi?

Binti Ngamiani

Kwa sababu tukisema "sina" tunaambiwa tumebadilika, mdogo wangu.

Mkenya wa Minnesota

Na tukisema "nitatuma Ijumaa" tunaambiwa maiti haingoji Ijumaa.

Mbeba Boksi

Nyumbani kwangu tumekubaliana hivi, na ilichukua ugomvi: kuna akaunti ndogo ya akiba yenye kadi yake ya debiti, ya mambo ya nyumbani tu. Kila mshahara kinaingia kiasi. Msiba ukitokea, kilichomo ndicho kinachotumwa usiku huohuo, nyongeza ni mwisho wa mwezi. Dada yangu Morogoro anajua kiasi kilichomo. Kumwambia salio ndiko kulikuwa kugumu kuliko kuweka pesa.

Mgeni Jana

Wakuu shikamooni. Nimefika Texas miezi miwili, kazi ya ghala, sina krediti yoyote. Benki imeniambia nianze na kadi ya kuweka dhamana dola 200. Nichukue au nimsikilize mzee wa mkasi? Na hiyo ya kutuma pesa kwa bahati mbaya naizuiaje, maana programu yangu imeshahifadhi kadi zote.

Mbeba Boksi

Marahaba mdogo wangu. Chukua, kama dini au moyo wako haukukatazi. Hakikisha kwanza kwamba haina ada ya mwaka, na kwamba wanatoa taarifa kwa zile kampuni tatu. Dhamana ya 200 maana yake limiti ni 200, kwa hiyo usivuke kama 60 wakati stetimenti inafungwa. Weka bili ya simu peke yake, halafu kwenye akaunti yako washa malipo ya moja kwa moja na uchague "salio lote la stetimenti". Wengine huchagua "kiwango cha chini" kwa sababu ndicho kinachotokea cha kwanza kwenye orodha.

Kuhusu kutuma: ingia kwenye programu ya kutuma pesa, futa kadi ya mkopo, bakiza debiti. Kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi, waombe wakushushie limiti ya kuchukua keshi mpaka sifuri au chini kabisa wanapoweza. Benki nyingi zinakubali ukiomba. Limiti ya manunuzi haiguswi.

Keshi Tupu

Hilo la kupiga simu sikulijua. Ila bado kadi sichukui.