Mjadala: Dishi la setilaiti lisubiri maafa, au liwe limeshafungwa wilayani?

Mleta mada, Mtwara

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa moyoni tangu Aprili 2019. Siku zile tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, watu wa pwani na mabondeni wahame. Tarehe 25 kikaingia Msumbiji, Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kikabomoa sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa cha Ibo. Wiki sita kabla yake Idai ilikuwa imeipiga Beira usiku wa Machi 14. Umeme ukaenda, minara ya simu ikalala, barabara ya N6 ikakatwa na maji. Mji wa watu kama nusu milioni ukawa hausikiki. Waliokuwa nje hawakujua boti zipelekwe wapi, na waliokuwa juu ya mapaa kule Buzi hawakujua kama kuna anayekuja.

Mawasiliano ya siku za mwanzo yalibebwa na simu za setilaiti, kisha wakaja watu kama Télécoms Sans Frontières, shirika la misaada ya mawasiliano wakati wa maafa, na dishi zao za kubeba mkononi. Nawashukuru. Lakini walitoka mbali, na siku ya kwanza na ya pili ndizo ambazo mtu aliye juu ya mti anaokolewa au anapotea.

Hoja yangu: kila wilaya ya pwani yetu iwe na dishi lake la setilaiti la mawasiliano, si la TV, na kibali kiwe kimeshatoka, kabla wingu halijaonekana. Karibuni.

Fundi wa minara

Ndugu mleta mada, nia yako njema lakini nakupinga. Nimepanda minara miaka kumi na moja. Kimbunga kinaangusha minara, ndiyo, ila mingi inabaki imesimama na kufa njaa. Umeme ukikatika, betri zinabeba saa kadhaa, halafu jenereta, halafu dizeli inakwisha na gari la mafuta liko upande wa pili wa daraja lililobomoka. Na minara ya vijijini inapokezana mawimbi mmoja kwa mwingine. Wa katikati ukizimika, yote iliyo nyuma yake inanyamaza hata kama ni mizima.

Sasa bibi yangu kijijini ana kiswaswadu. Dishi lililoko bomani halimsaidii kumpigia mwanawe. Hizo pesa zitieni kwenye betri, sola na matangi ya akiba ya ile minara michache inayobeba mingine, na transmita ya redio jamii. Redio ya betri mbili inafika kila nyumba.

Muuguzi, Kilwa

Kaka fundi, nakubaliana na wewe nusu. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ilikatika huku kwetu. Simu ilikuwa inashika dakika tano, inapotea saa nzima. Nilikuwa na mama mwenye uchungu pingamizi. Sikuhitaji kila mtu kijijini awe hewani. Nilihitaji sauti moja tu ya kuniambia njia ya Lindi inapitika au haipitiki. Tulimpakia kwenye gari bila kujua. Alifika, namshukuru Mungu, na mtoto yupo. Ila ile safari niliiendesha kwa kubahatisha, na sitaki muuguzi mwingine aiendeshe hivyo.

Redio inanipa habari, haipokei yangu. Kwenye maafa anayetakiwa kusikika ni aliye ndani ya maji.

Mchangiaji, Dodoma

Wakuu, mnapita juu juu suala la nani ana swichi. Setilaiti za intaneti za Starlink ziko kama kilomita 550 juu, ni za kampuni moja, na mmiliki wake Elon Musk alisema mwenyewe mwaka 2023 kwamba alikataa ombi la Ukraine la kuwashiwa huduma karibu na Crimea. Ile ni vita, si mafuriko, najua. Lakini uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja. Na Julai 24, 2025 mtandao huohuo ulizimika duniani kwa zaidi ya saa mbili kwa hitilafu ya programu. Nchi haiwezi kuweka roho za watu wake hapo peke yake. Serikali kudai leseni si urasimu, ni wajibu wake.

Fundi wa minara

Mchangiaji wa Dodoma ana hoja, na jibu lake ni kuchanganya. Zipo setilaiti za mbali kabisa, karibu kilomita 36,000, zinazotulia mahali pamoja angani. Sauti inachelewa kidogo, lakini simu zake za mkononi na vile vifaa vidogo vya ukubwa wa kompyuta mpakato vinatumia mawimbi yasiyosumbuliwa sana na mvua. Dishi za intaneti ya mwendo kasi ndizo mvua kubwa inazipunguzia nguvu, na mvua kubwa ndiyo siku yenyewe tunayoizungumzia. Kwa hiyo: dishi kwa ajili ya data, simu ya setilaiti kwa ajili ya sauti, kampuni mbili tofauti.

Mleta mada, Mtwara

Asanteni. Dada wa Kilwa, umesema nilichoshindwa kukisema.

Kuhusu leseni: sikusema zifutwe, nimesema zitoke mapema. Upo Mkataba wa Tampere wa mwaka 1998, ulioanza kutumika Januari 2005, mahususi kwa kulegeza vibali na forodha kwa vifaa vya mawasiliano wakati wa maafa. Kenya na Uganda wamo. Watu walikaa mezani kuuandika kwa sababu vifaa vya uokozi vilikuwa vinakwama mipakani huku watu wanakufa.

Ila kuna mfano mmoja uliobadilisha hata pendekezo langu mwenyewe, nao ni Tonga. Januari 15, 2022 volkano ya chini ya bahari ililipuka, mkongo wa kwenda Fiji ukakatika, nchi nzima ikazimika. Mkongo ulirudi Februari 22, zaidi ya wiki tano. Lakini baada ya siku chache simu za kawaida za 2G zilianza kushika kwenye kisiwa kikuu, hata viswaswadu. Kwa njia gani? Kampuni ya simu iliunganisha minara yake na dishi la Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, ambalo chuo kilikuwa nalo tayari.

Kaka fundi, hapo ndipo bibi yako anapoingia. Na dishi lile lilikuwa linafanya kazi jana yake. Dishi la kufungia stoo likisubiri kimbunga, siku ikifika betri imekufa, bando halijalipwa, na aliyefundishwa kulitumia amehamishwa. Kwa hiyo nabadilisha: liwekwe sekondari au kituo cha afya, litumike kila siku, na siku ya maafa liunganishwe na mnara wa jirani.

Fundi wa minara

Hapo tumekutana, mradi mnara wa jirani uwe na sola. Swali langu moja: kimbunga kikitangazwa, dishi la juu ya paa lazima lishushwe kabla ya upepo na kupandishwa baada yake. Sisi mafundi tutakuwa Dar. Nani atapanda?

Muuguzi, Kilwa

Vijana wa kidato cha tatu hapa wanapanda minazi kila Jumamosi. Njoo uwafundishe siku moja, na utuachie spana.