Je, Askofu Mkuu alifanya vyema kurudisha pesa za Rais?

Mwanzisha mada:
Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais Ruto alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Kahawa West, Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padre na 600,000 za kwaya, akaahidi milioni 3 zaidi na basi juu yake. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba pesa zinarudishwa, kanisa lisije likageuzwa jukwaa la siasa. Siku chache tu kabla ya hapo, maaskofu walikuwa wameikemea serikali kwa kukithiri kwa uongo.

Mimi namuunga mkono. Miezi mitano kabla ya hapo vijana walikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na kanisa nalo halikupona ndimi zao: mheshimiwa anashuka na bahasha, anapewa maikrofoni pale madhabahuni, halafu mchungaji anapoteza sauti. Yohane Mbatizaji aliweza kumwambia Herode si halali kuwa na mke wa nduguye kwa sababu hakuwa akimdai mabati.

Wenzangu mnaonaje?

Mwanakwaya:
Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa sebuleni. Sisi sare tunachanga mia mia, mwaka mzima. Na mbona Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru, akala chake?

Mwanzisha mada:
Dada, isome Luka 19 hadi mwisho. Zakayo alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Yesu hakujengewa hata kibanda. Mheshimiwa akianza kwa kuwarudishia aliowadhulumu, mimi mwenyewe nitamshikia maikrofoni.

Katekista wa kigango:
Wote mnazungumzia mtoaji. Mimi nazungumzia padre. Wa kwetu anahudumia vigango vingi, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, na akiitwa usiku kumpaka mgonjwa mafuta anatafuta bodaboda kwa pesa yake. Nyumba si anasa kwake. Mtu anayewaosha wengine miguu naye anahitaji pa kulala.

Ila angalieni Paulo. Kwa Wakorintho alikataa kabisa kuwa mzigo, akashona mahema kwa Akila na Prisila. Kutoka Makedonia akapokea, na Wafilipi aliwashukuru kwa barua. Kwa hiyo sadaka hakuikataa, bali aliangalia ni ya nani na itamfunga vipi. Askofu Mkuu naye alifanya hivyo, ni sawa. Lakini Paulo alipowakatalia Wakorintho, ndugu wa Makedonia ndio waliomletea. Soweto nani aliwaletea?

Mwanakwaya:
Asante Katekista. Hilo ndilo nilikuwa nalitafuta nikashindwa kulisema.

Mwanzisha mada:
Katekista umenibana, na sina la kujibu upande huo. Nabaki na msimamo wangu kwamba pesa zile zilistahili kurudi. Ila nawauliza ninyi mnaosali parokia za Karen na Lavington, mitaa ya kitajiri ya Nairobi, ambako mnada wa mavuno Jumapili moja unaingiza pesa nyingi: kamati zenu zimewahi kuketi na kupitisha mchango wa kigango cha mabanda? Mwenye kumbukumbu aseme hapa, hata kama ni mifuko kumi ya saruji.