Printa imekataa KUSKANI kwa sababu wino wa njano umeisha. KUSKANI!

mleta_povu

Wakuu, pole zenu wekeni akiba kwanza. Someni kilichoandikwa kwenye skrini ya printa muda huu: "Katriji ya njano imeisha. Badilisha ili uendelee." Niendelee na nini? Karatasi imelala juu ya kioo, kifuniko kimefungwa, kitufe kilichobonywa ni cha kuskani. Hakuna tone la wino linaloombwa na mtu yeyote humu duniani.

Ile kampuni mnaijua, sina haja ya kuitaja. Ni wale wale wanaokupa printa karibu bure, halafu wino wanakuuzia mpaka ukoo mzima uchangishane.

Skana ni nini? Taa za LED, mstari wa sensa, mkanda na mota ndogo ya kuisukuma hiyo sensa kutoka mwanzo wa kioo hadi mwisho. Mwanga unagonga karatasi, unarudi, sensa inapima, data inaenda kwenye kompyuta. Wino unaingilia wapi hapo? Kwenye taa? Kwenye mota? Au sensa nayo ina kiu?

Kuprinti ningeelewa. Vichwa vinavyotumia joto hupozwa na wino wenyewe, ukivilazimisha vikiwa vikavu vinaungua. Vile vya piezo (vinavyosukuma wino bila joto) vikivuta hewa vinagoma mpaka visafishwe. Na kweli, hata maandishi meusi, hasa ukichagua karatasi ya picha, mara nyingi huchanganywa na rangi nyingine tatu. Sawa, nimekubali. Hayo yote ni ya kuprinti. HAPA TUNASKANI.

Ukiitoa katriji, inasema katriji haipo. Ukiirudisha, inasema imeisha. Habari zote za wino inazo, habari ya karatasi iliyolala juu ya kioo chake yenyewe haina.

Tena hiyo "imeisha" kwenye katriji nyingi ni hesabu tu, hakuna aliyepima. Chipu inahesabu matone yaliyorushwa, pamoja na yale yaliyomwagwa kwenye kusafisha kichwa, ikifika namba yake inatangaza msiba. Tikisa katriji, unasikia wino unacheza ndani.

Ni kama gari likatae kufungua buti kwa sababu maji ya kuoshea kioo cha mbele yameisha. Nimemaliza. Sijamaliza. KUSKANI, wakuu!

kiti_cha_mbele

Nimeshakaa. Endeleeni.

tona_tu

Kuna mtu alikushikia panga ununue printa ya wino? Usipoprinti muda mrefu wino unakauka kwenye matundu ya kichwa, halafu mashine inamwaga uliobaki kujisafisha, na ule wa kusafishia unakwenda kwenye sponji chini. Sponji nalo lina hesabu yake, likijaa printa inafunga duka. Nunua leza nyeusi. Tona ni unga, haukauki. Uzi ufungwe.

mleta_povu

Sijaomba ushauri wa manunuzi. Leza yako tona ikiisha inaskani?

tona_tu

Yangu haina skana.

mleta_povu

Basi kaa pembeni na unga wako.

kinyonga_wa_terminali

Mleta uzi, punguza herufi kubwa ufanye hivi. Printa nyingi za miaka ya karibuni zenye skana na Wi-Fi zinaongea eSCL, yaani unaiamuru skana kwa HTTP ya kawaida, bila programu ya kampuni. Chukua anwani ya IP ya printa kwenye menyu ya mtandao, ufungue kwenye brauza:

http://anwani-ya-printa/eSCL/ScannerStatus

Itakurudishia XML fupi. Tafuta neno State. Ikiwa ni Idle, skana iko tayari, na kuna uwezekano mkubwa ubishi uko kwenye menyu ya skrini tu au kwenye programu ya kampuni. Kwenye Linux weka sane-airscan (programu ya kuongea na skana za aina hii), kisha:

airscan-discover
scanimage -L
scanimage -d "jina ulilopewa" --resolution 300 --mode Gray --format=png > hati.png

300 inatosha kwa maandishi, 600 ni kujaza diski. Isipoonekana kabisa, angalia kama ukuta wa moto umefunga UDP 5353 (mlango ambao vifaa hutafutana kwenye mtandao), au kama printa iko kwenye mtandao wa wageni, maana rauta nyingi huko huzuia vifaa visionane. Bado ikigoma, iandike mwenyewe kwenye /etc/sane.d/airscan.conf chini ya [devices]:

"Printa" = http://anwani-ya-printa/eSCL, eSCL

Ukituma kazi ukawa unajibiwa 503 (yaani "huduma haipatikani kwa sasa") kila mara, hapo ubishi umo kwenye programu ya ndani ya printa yenyewe. Huna la kufanya zaidi ya kuipa katriji.

mbona_mbona

Mtu analia njano, anapewa Linux. Hili jukwaa halijawahi kuniangusha.

mleta_povu

Nimefungua. Imejibu Idle.

IDLE, wakuu! Yaani imekaa tu, haina kazi, na imekiri kwa maandishi, huku skrini yake inamwambia mwenye nyumba haiwezi. Mnafiki wa plastiki.

kinyonga_wa_terminali

Vizuri. Sasa endesha scanimage, itachukua dakika moja.

mleta_povu

Siendeshi. Kile kitufe cha kuskani walikiweka pale kuwa pambo?

mbona_mbona

Ameletewa dawa anasema chungu 😂

hataza_na_haki

Mjue si mara ya kwanza. Marekani mwaka 2021 kampuni mojawapo kubwa ilifikishwa mahakamani kwa jambo hilihili, mashine ya kazi nyingi kugoma kuskani wino ukiisha. Na kabla ya hapo, mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika Impression Products dhidi ya Lexmark kwamba kampuni ikishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imeisha. Mnunuzi anaruhusiwa kuijaza na kuiuza upya.

chipu_kaidi

Chipu haisomi hukumu, mkuu. Unajaza katriji kihalali kabisa, halafu usiku inakuja apdeti "ya usalama", asubuhi skrini inakwambia katriji haitambuliki. Usalama wa nani?

Dawa yake ni kuikata printa na intaneti lakini uibakishe kwenye mtandao wa ndani. Kwanza zima apdeti za moja kwa moja kwenye menyu. Kisha ipe IP ya kudumu kwa mkono, na sehemu ya getiwei weka 0.0.0.0. Kompyuta zilizo kwenye mtandao huohuo zitaiona kama kawaida, ila yenyewe haina mlango wa kutokea nje. Menyu ikikataa getiwei ya sifuri, zuia MAC yake (namba ya utambulisho wa kifaa) kwenye rauta isitoke nje. Angalizo kwa wale walioingia kwenye mpango wa wino wa kulipia kila mwezi: msijaribu. Ile lazima ipige simu kwao, ikikosa mtandao inagoma hata kama katriji imejaa hadi mdomoni.

Na kwa kuprinti msisakinishe yale madude ya kampuni. CUPS, mfumo wa kuprinti wa Linux, inatosha:

lpadmin -p printa -E -v ipp://anwani-ya-printa/ipp/print -m everywhere

mleta_povu

Asante kwa kuprinti. Mimi nilikuwa naskani.

jicho_la_tatu

Hamjiulizi kwa nini NJANO? Printa zinachapa vidoti vya njano vya siri kwenye kila ukurasa, vina namba ya mashine na tarehe. Njano ikiisha hawakuoni. Ndiyo maana inagoma. Amkeni.

hataza_na_haki

Nusu yako ni kweli, nusu umeokota. Vidoti vipo, EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, walivisoma mwaka 2005 kwenye Xerox DocuColor wakapata namba ya mashine, tarehe na saa. Lakini vile vinajulikana kwenye leza za rangi. Mleta uzi ana ya wino. Na anaskani, haprinti.

mleta_povu

ANASKANI, HAPRINTI. Kuna mmoja humu anayesoma. Naomba sentensi hiyo iwekwe juu ya jukwaa.

mzee_wa_gnu

Kumbukeni hata Stallman, baba wa programu huru, hasira zake zilianzia kwenye printa ya Xerox pale MIT. Karatasi zilikuwa zinakwama, alitaka kurekebisha programu yake itoe taarifa kwa watumiaji, akanyimwa msimbo. Mwaka 1983 akatangaza GNU, mfumo endeshi huru. Huyu wetu naye tumpe miaka michache.

mbona_mbona

Huyu ameshindwa kuendesha amri tatu, unataka atangaze mfumo endeshi?

rimoti_mkononi

Nyie mna bahati, printa mnaizima. Njooni kwenye televisheni. Ile kampuni nyingine (mnaijua) imeleta apdeti, sasa ukurasa wa mwanzo nusu nzima ni tangazo la gari. Kifaa umelipia chote, tangazo unalitazama bure. Na chini kabisa ya mipangilio wameficha ule mtambo wa kutambua unachotazama: unachukua vipande vya picha ya skrini, unalinganisha na hifadhidata, hata ukiwa umechomeka kompyuta kwa HDMI. Marekani mwaka 2017 Vizio walilipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya hayo mambo. Huo mtambo hauitwi kwa jina lake. Tafuteni maneno ya upole kama "huduma za kutazama" au "mapendekezo yanayokufaa". Zimeni kila kinachobembeleza.

chipu_kaidi

Kuzima kwenye menyu ni kumwamini mwizi akulindie mlango. Weka Pi-hole, kichujio cha matangazo cha mtandao mzima wa nyumbani.

rimoti_mkononi

Pi-hole peke yake haitoshi. Kuna televisheni zimeandikiwa 8.8.8.8, DNS ya Google, humo ndani, hazijali DNS unayowapa (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Inabidi rauta ikamate kila kitu kinachotoka mlango 53, ule wa maswali ya DNS, na kukirudisha kwa Pi-hole.

chipu_kaidi

Zikitumia DNS juu ya HTTPS, mlango 443, unakamata nini? Inyime tu nenosiri la Wi-Fi. Chomeka kisanduku chako cha kutazamia.

rimoti_mkononi

Halafu kila ukiiwasha inakukumbusha haina intaneti. Kila siku. Skrini nzima.

mleta_povu

Jamani, printa?

tona_tu

@chipu_kaidi kisanduku kikiwashwa televisheni yangu inajiwasha yenyewe usiku wa manane. Dawa?

chipu_kaidi

Hiyo ni HDMI-CEC, vifaa kuamrishana kupitia kebo ya HDMI. Zima pande zote mbili, kwenye televisheni na kwenye kisanduku. Kila kampuni imeibatiza jina lake, kwa hiyo usitafute neno CEC kwenye menyu, mara nyingi huwa jina lenye "Link" au "Sync". Ikikataa kuzimika, kuna adapta za HDMI zisizounganisha pini 13, ndiyo inayobeba CEC. Picha na sauti hazitaguswa.

tona_tu

Nina kebo ya zamani na koleo. Pini 13 nahesabu kuanzia upande gani?

chipu_kaidi

Usikate kebo, nunua adapta.

kiti_cha_mbele

Muacheni akate.